Oili Ikipanda Usifurahi

Nazungumza nanyi mnaoishi kando ya Ziwa Mweru: mlioko Nchelenge na Kashikishi, mlioko makazi ya Mantapala, mlioko kisiwani Kilwa, na ninyi wa ng'ambo, Kilwa ya Kongo na Pweto, ambako Kiswahili ni lugha ya soko. Leo nina neno na wenye magari ya dizeli ya zamani, nina neno na madereva wao, na zaidi nina neno na mafundi.

Sote tumefundishwa kuogopa oili iliyopungua. Dereva anaamka alfajiri, anafungua boneti, anachomoa dipstiki, anaifuta kwa kitambaa, anairudisha, anaichomoa tena. Akiona oili iko chini moyo unamruka, anakwenda dukani kununua lita moja. Akiona imejaa, anafunga boneti na kushika safari kwa amani. Na akiona imepita alama ya juu ilhali hakuna aliyeongeza, mara nyingi utamsikia akisema: afadhali, injini hii haili oili.

Mimi nasema hapo ndipo pa kuzima gari. Oili haizai. Kama juzi ilikuwa katikati ya alama mbili na leo imefika juu, na mwenzako hakuongeza bila kukuambia, basi kuna kitu kimeingia. Kitu hicho ni ama maji ya rejeta ama dizeli.

Maji hujitangaza. Oili iliyoingiwa na maji hugeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa, ute mweupe unagandia chini ya kifuniko cha kujazia oili, na rejeta inapungua kila siku. Dizeli haina kelele hizo. Inayeyuka ndani ya oili na rangi inabaki nyeusi ileile. Na weusi haukuambii lolote, maana hata oili mpya, ikizunguka siku chache tu ndani ya dizeli kuukuu, huwa nyeusi kwa masizi. Fundi anayetazama weusi na kusema "oili hii imekufa" bado hajapima kitu.

Kwa nini nalileta jambo hili kwa watu wa Mweru? Kwa sababu ya kazi ambayo magari yetu yanafanya. Chisense, yaani dagaa wa hapa, huvuliwa usiku kwa taa, na wanunuzi wanasubiri ufukweni. Hilux, Hiace, Canter, Land Cruiser, zote zimepangwa pale Kashikishi, na nyingine zinaunguruma saa nzima bila kwenda popote, kwa sababu betri imechoka na dereva anaogopa kuzima. Halafu safari za karibu: kutoka ufukweni hadi sokoni, kufuata barafu, kurudi. Injini haijapata moto sawasawa imeshazimwa. Injini ya dizeli ikiwa baridi haiunguzi mafuta yote inayopuliziwa. Sehemu yake inalowanisha ukuta wa silinda, inapita kando ya ringi, inashuka kwenye sampu.

Kwenye gari la petroli, jambo hilo hujirekebisha kiasi. Petroli ni nyepesi, ukienda safari ndefu oili ikapata moto, petroli inageuka mvuke na kutoka. Dizeli huanza kuchemka kwenye nyuzi joto kama 180 na kuendelea hadi karibu 360. Oili ya injini iliyopata moto vizuri iko kwenye nyuzi 90 au 110 hivi. Kwa hiyo hata uende Mansa na kurudi, zaidi ya kilomita 200 kila upande, dizeli iliyoingia kwenye oili sehemu yake kubwa itabaki palepale. Ya leo inajumlishwa na ya jana.

Hapo niwaulize wenye magari: themostati yako iko wapi? Wengi wameing'oa. Wanasema nchi yetu ina joto, kidude hiki kinazuia maji, kitoe. Themostati nyingi za injini hizi hufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu, na kazi yake ni kuifanya injini ifike joto lake upesi na kubaki hapo. Ukiing'oa, gari lililobeba samaki wachache asubuhi ya Juni linatembea baridi kutoka Nchelenge hadi Mwense. Ni kipuri cha bei ndogo kuliko beringi moja ya krenki, na mimi simwelewi fundi anayeking'oa bila kurudisha kingine.

Sasa hatari yenyewe. Kati ya krenki na beringi zake kuna utando mwembamba wa oili, na chuma hakitakiwi kugusa chuma. Oili ya 15W-40, ambayo ndiyo wengi wetu tunanunua, ikiwa kwenye nyuzi 100 inatakiwa iwe na uzito wa kati ya 12.5 na 16.3 kwa kipimo kinachoitwa sentistoki. Dizeli, hata ikiwa kwenye nyuzi 40 tu, ni kati ya 2 na 4.5 hivi. Ukichanganya, oili inakuwa nyepesi na utando unakatika. Maabara zinazopima oili za mitambo huanza kutoa onyo dizeli inapofika asilimia 2 au 3, na ikifika 5 nyingi huitaja kuwa hatari.

Asilimia 5 ni kiasi gani kwenye dipstiki? Chukua injini yenye sampu ya lita 6. Asilimia 5 ni mililita 300 tu, kama chupa moja ndogo ya soda. Kwenye magari mengi, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita moja. Maana yake ni kwamba oili ikipanda theluthi moja tu ya nafasi iliyo kati ya alama hizo mbili, umeshafika kwenye hatari. Huhitaji kungoja ipite alama ya juu.

Lakini nataka tukae zaidi kwenye jambo lingine, kwa sababu ndilo linalowaponyoka hata madereva makini. Injini kuukuu hula oili. Iliyotembea kilomita laki tatu kwenye barabara zetu, ringi zimelika, sili za valvu zimekauka, lazima ile kidogo. Sasa tuseme inakula nusu lita kwa mwezi, na mwezi huohuo inaingiwa na dizeli nusu lita. Dipstiki itasema nini? Itasema hakuna kilichobadilika. Oili imeondoka, dizeli imekalia kiti chake, na kipimo kimesimama palepale. Mwenye gari anajisifu barazani kwamba gari lake la mwaka 1994 halijaongezwa oili tangu Pasaka. Ndugu yangu, gari la umri huo lisilokula hata tone si la kusifiwa kabla halijapimwa. Kipimo kinachosimama kwa miezi kwenye injini iliyochoka kinanitia shaka kuliko kile kinachopanda.

Tupimeje, basi, hapa Nchelenge bila maabara? Inawezekana, na vifaa vyake unavyo.

Anza na kipimo cha kweli. Gari liwe mahali tambarare, limelala usiku mzima, kijiti kisomwe asubuhi kabla ya kuwasha. Weka alama yako kwa ncha ya msumari palipofika oili. Andika tarehe na kilomita. Pima hivyohivyo kwa wiki moja, mtu yuleyule, mahali palepale. Mafundi wengi wanasoma dipstiki gari likiwa moto, limeegeshwa kwenye mteremko wa kuelekea ziwani, halafu wanatoa hukumu.

Kisha pua. Oili ya dizeli haikosi harufu kidogo ya dizeli, kwa hiyo kunusa peke yake hakutoshi. Nusa ya gari lako, kisha nusa ya gari la mwenzako la aina hiyohiyo lenye oili ya umri uleule. Tofauti ikiwa kubwa utaijua. Ipake pia kati ya kidole gumba na cha shahada. Iliyoingiwa na dizeli inateleza mara moja halafu vidole vinagusana.

Halafu tone la karatasi, kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Tafuta karatasi nyeupe inayonyonya, isiyong'aa. Injini ikiwa na moto, chomoa dipstiki uache tone moja lianguke katikati ya karatasi. Iweke ikiwa imelala juu ya mdomo wa kikombe, chini yake pawe wazi, uiache mpaka kesho. Tone litasambaa. Katikati patabaki duara jeusi la masizi, likizungukwa na duara la kijivu la oili. Kama kuna dizeli ya kutosha, nje kabisa utaona utepe mwepesi, karibu hauna rangi, unaong'aa ukiinua karatasi kwenye mwanga wa jua. Dizeli ni nyepesi, inakimbia mbele ya oili na kufika mbali kabla yake.

Usiridhike na tone moja. Chukua bomba jipya la sindano kutoka duka la dawa. Pima mililita 19 za oili mpya ya aina unayotumia na mililita 1 ya dizeli, changanya vizuri. Huo ni mchanganyiko wa asilimia 5. Weka tone lake pembeni ya tone la gari lako, na tone la tatu la oili mpya tupu. Kesho yake utakuwa na karatasi yenye mashahidi watatu. Uzilinganishe pia mbio zao: matone hayo matatu, yote yakiwa na joto sawa, yaweke kwenye ukingo wa kioo kisha ukiinamishe. Tone la gari lako likikimbia pamoja na ule mchanganyiko, jibu umelipata. Ila jihadhari: masizi mengi huifanya oili kuwa nzito. Inawezekana injini moja ikawa na dizeli inayoilegeza oili na masizi yanayoikaza, mbio zikaonekana za kawaida. Ndiyo maana karatasi na kioo viende pamoja.

Jambo moja nakataza kabisa. Wapo wanaochukua kiberiti na kuwasha dipstiki waone kama inashika moto. Usifanye hivyo karibu na gari, wala karibu na madumu ya mafuta. Moto hautakuambia kiasi cha dizeli, na unaweza kuteketeza gereji.

Haya, umethibitisha. Sasa imetoka wapi? Hapa ndipo mazungumzo haya husikika gereji baada ya gereji. Fundi anasema: "Mzee, hizi ni ringi zimekwisha. Tushushe injini." Mzee anauliza: "Fundi, umepima nini?" Kimya. Ovaholi inalipwa kwa mkopo, au kwa kuuza nyavu, na mwezi mmoja baadaye oili inapanda tena.

Ringi zilizolika zina dalili zake: injini inakula oili, inatoa moshi wa buluu, inapumulia kwenye kifuniko cha oili, asubuhi inawaka kwa shida. Injini inayowaka vizuri na kuvuta vizuri huku oili ikipanda, mimi siwezi kuishusha kwa sababu ya ringi. Ringi nazichunguza mwisho, kwa kipimo cha kompresheni.

Anza na namna pampu ya dizeli inavyozungushwa. Hili litakuokolea pesa. Kwenye Toyota za injini ya 2L, 3L na 5L, zile za Hilux na Hiace, pampu inazungushwa na mkanda wa taimingi. Sili ya mbele ya pampu hiyo ikichanika, dizeli inamwagika nje, kwenye nyumba ya mkanda, na utaiona ikidondoka chini. Haiwezi kuingia kwenye oili kwa njia hiyo. Lakini kwenye Isuzu 4JA1 na 4JB1, Nissan TD27, na Land Cruiser ya 1HZ, pampu inazungushwa na gia zilizo ndani ya nyumba yenye oili ya injini. Sili ileile ikichanika huko, huoni hata tone nje. Dizeli yote inashuka sampu. Kwa hiyo fundi anayekuambia habari ya sili ya pampu kwenye Hiace ya 3L yenye oili iliyopanda, mwambie kwa heshima atafute kwingine. Na kwenye pampu zile ndefu za zamani zinazolainishwa kwa oili ya injini, plunja zikilika dizeli hupenya moja kwa moja kuingia kwenye oili.

Sili hiyo ya ndani unaweza kuipima bila kufungua kitu. Funga bomba la kurudisha mafuta. Tundika chupa safi ya dizeli juu ya injini, iunganishe na mlango wa pampu, uichore alama, uiache usiku kucha. Asubuhi ikiwa imepungua na hakuna unyevu nje, dizeli imeingia ndani. Isipopungua usiisamehe pampu bado, kwa sababu sili nyingine huvuja shafti ikizunguka tu.

Kuna pampu ndogo ya kuvuta mafuta, ile yenye mpira ndani, iliyofungwa ubavuni mwa injini na kusukumwa na kemshafti. Land Rover za 300Tdi zinayo, na matrekta mengi ya Massey Ferguson yenye injini za Perkins yanayo. Mpira ukipasuka, dizeli inapita kwenye tundu la mkono wake hadi kwenye oili. Ni kazi ya boliti chache na muda mfupi. Na mwenye Land Rover Discovery ya Td5 ajue kwamba kwake dizeli inapita ndani ya silinda hedi yenyewe, na raba na washa za shaba za nozeli zikichoka, oili inapanda. Ugonjwa huo kwenye Td5 unajulikana dunia nzima.

Kwa magari mengi ya hapa, hata hivyo, mkosaji ni nozeli. Nozeli nzima hupuliza ukungu. Nozeli iliyochoka hutiririsha, na mtiririko hauungui wote. Gari linatoa moshi mweupe asubuhi, moshi mweusi likipanda mlima, na linagonga. Kuitambua ni ipi, mafundi wa zamani hulegeza nati ya bomba la nozeli moja moja injini ikiunguruma. Ukilegeza mbovu, mlio haubadiliki sana, au moshi unapungua. Fanya hivyo umevaa miwani, na usiweke kidole mbele ya bomba. Dizeli yenye shinikizo hupenya ngozi na kuacha kitundu kidogo kisichouma, na ndani nyama inakufa. Likikupata, nenda hospitali ya St Paul's siku hiyohiyo na umwambie daktari kilichoingia ni dizeli. Baada ya hapo nozeli zipelekwe kwenye mashine ya kupimia. Zikiwekewa shinikizo lililo chini kidogo ya lile la kufungukia, zinatakiwa zikae sekunde 10 bila kudondosha tone.

Na nozeli zinachoka kwa nini kabla ya wakati? Tusiseme umri tu. Dizeli ya Zambia ina safari ndefu. Bomba la TAZAMA, lililokamilika mwaka 1968, lina urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, na tangu 2023 linapitisha dizeli iliyosafishwa badala ya mafuta ghafi. Kutoka Ndola hadi ziwani ni malori. Na baada ya kituo cha mafuta, kwa wengi wetu, ni madumu ya lita 20 yaliyokaa kwenye mvua. Maji yanaingia na kutu inafuata. Mwingine anaongeza mafuta ya taa. Tabia hiyo iliifanya Tanzania ipandishe kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, na Kenya iweke tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018, ili faida ya kuchanganya iondoke. Mafuta ya taa hayana ulaini wa dizeli, na pampu nyingi za magari yetu hazina kilainishi kingine isipokuwa dizeli yenyewe inayopita ndani. Ukiziwashia mafuta ya taa zinajisaga. Acha dumu litulie usiku, usimimine mafuta ya chini, chuja kwa kitambaa safi, na umwage maji kwenye filta kila wiki.

Kuna ajali moja lazima niiseme. Oili ikijaa kupita kiasi na kuwa nyepesi, mvuke wake huvutwa kupitia bomba la kupumulia hadi kwenye njia ya hewa, na injini ya dizeli inaanza kuunguza oili yake yenyewe. Inapiga kelele, inapanda mizunguko, na ukizima ufunguo haizimi. Ikitokea, kanyaga breki, weka gia ya juu, achia klachi ghafla izimike. Kama ni gari la otomatiki, ziba njia ya hewa kwa ubao. Usitumie mkono. Ukishindwa, kimbia uwaondoe watu.

Ukishapata chanzo na kukitengeneza, mwaga oili yote na ubadilishe filta, hata kama uliibadilisha wiki iliyopita. Kumwaga nusu na kuongeza mpya ni kubaki na dizeli nusu. Ile uliyomwaga isimwagwe ziwani wala kwenye mchanga wa ufukwe. Ifungie kwenye dumu lenye kifuniko, mbali na moto, maana sasa inashika moto upesi kuliko oili ya kawaida. Weka alama mpya kwenye dipstiki, pima kila asubuhi kwa wiki mbili.

Na kama nozeli au pampu lazima ziende Kitwe au Ndola kwenye mashine, pangeni mapema. Uvuvi Mweru hufungwa Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, na magari mengi ya samaki hukaa bure. Kupitia Mansa, daraja la Chembe na upande wa Kongo hadi Mufulira, pampu iliyofungwa vizuri kwenye boksi inafika Kopabelti bila gari lako kusogea. Anayengoja Machi, dagaa wakiwa wameshajaa ufukweni, atalipa bei ya haraka na kukodi gari la mwingine.